Ukiwa mjamzito mwenye pumu, pampu ya kahawia usiiache

Jumamosi moja ya mvua dada alisimama kwenye dirisha letu la dawa hapa Sinza, mwavuli ukichuruzika mlangoni, tumbo la miezi sita likimtangulia. "Dokta, nipe ile ya bluu." (Mimi ni mfamasia, si daktari, ila Dar yeyote anayesimama nyuma ya kabati la dawa ni dokta, na nimeshaacha kubishana.) Nilimkumbuka. Hiyo ilikuwa ya tatu ndani ya miezi miwili.

"Na ile ya kahawia, mama kijacho? Siku hizi sikuoni ukiichukua."

"Ile nimeiacha, dokta. Mama mkwe kasema ina steroidi, itamharibu mtoto. Hii ya bluu navuta nikizidiwa tu."

Alisema hayo kwa vipande, akivuta pumzi katikati ya maneno. Alikuwa ameacha dawa inayomlinda mtoto, akabaki na ile inayomfichia hatari. Sijaona kosa linalorudiwa na wajawazito wenye pumu kuliko hilo, na siwezi kuwalaumu, maana linatokana na upendo. Mtu akishaona mistari miwili kwenye kipimo anaanza kuogopa hata Panadol.

Pumu ni mambo mawili yanayokwenda pamoja ndani ya vijia vya hewa. La kwanza ni uvimbe: ukuta wa ndani umevimba na unatoa ute mzito, na hali hiyo ipo hata siku unayojisikia mzima kabisa. La pili ni kubana: misuli midogo inayozunguka vijia hivyo inakaza ghafla ikikutana na moshi, vumbi, baridi au mafua, na kifua kinaanza kulia kama filimbi. Pampu ya bluu, yaani salbutamoli (wengi wanaiita Ventolin hata kama kopo limetoka kiwanda kingine), inalegeza misuli. Inafanya kazi ndani ya dakika chache, nguvu yake inaisha baada ya saa nne hadi sita, na uvimbe haiugusi. Ya kahawia, mara nyingi ni beklometasoni, inatuliza uvimbe. Ukiivuta leo husikii kitu. Inataka siku kadhaa hadi wiki chache, asubuhi na jioni, umebanwa hujabanwa. Waliowahi kuishi bonde la Msimbazi wataelewa haraka: bluu ni ndoo ya kuchotea maji yaliyoingia sebuleni, kahawia ni kuzibua mtaro. Anayenunua ndoo tatu kwa miezi miwili, shida yake iko mtaroni.

Kopo moja la bluu kwa kawaida lina mibonyezo 200. Wataalamu wa pumu duniani, kupitia mpango wao unaoitwa GINA kwa kifupi, wanasema anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na anayefika 12 yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa pumu. Tangu mwaka 2019 mpango huo haushauri tena mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Sasa hivi kuna pia pampu za mchanganyiko, kama budesonidi na fomoteroli kwenye kopo moja, ambazo daktari anaweza kukupa uzitumie kila siku na pia unapobanwa. Rangi zake ni nyingine kabisa, kwa hiyo soma jina. Rangi ni mazoea ya viwanda tu.

Sasa mimba inaingiaje hapo? Kuna kanuni ya zamani ya theluthi: kati ya wajawazito watatu wenye pumu, mmoja inamzidi, mmoja inampungua, mmoja inabaki ilivyokuwa. Haiko sawasawa kila mahali, lakini inatosha kukuonyesha kwamba huwezi kujua mapema utaangukia fungu gani. Ambaye pumu yake ilikuwa kali kabla ya mimba ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuzidiwa. Kubanwa kukali hutokea zaidi miezi ya katikati, halafu wiki nne za mwisho wengi wanapata nafuu. Kushikwa na pumu ukiwa kwenye uchungu wenyewe ni jambo la nadra, ingawa ndilo linalowanyima usingizi wengi.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba mimba peke yake inakata pumzi, hata kwa asiyejua pumu ni nini. Homoni ya projesteroni inauambia ubongo uvute pumzi ndefu zaidi, mahitaji ya oksijeni yanapanda kwa karibu asilimia 20, na mfuko wa uzazi unapokua unasukuma kiwambo cha kifua juu kwa takriban sentimita nne. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya wajawazito wanasema wanahema wakipanda ngazi. Kuhema huko kunakuja polepole, wiki baada ya wiki, hakuna filimbi kifuani, hakukuamshi saa tisa usiku ukikohoa, na pampu haikubadilishi. Pumu inakuja na kwenda, inapiga filimbi, inakohoza usiku na alfajiri, na ukivuta bluu unasikia tofauti.

Kuna na la tatu, ambalo kwetu halifai kusahaulika. Mjamzito anayehema, moyo unamdunda na viganja vimepauka, huenda damu imepungua, na hapo pampu haina kazi. Anayeshindwa kulala chali na miguu imevimba apimwe moyo. Aliyekatwa pumzi ghafla na maumivu ya kifua upande mmoja awahi hospitali, maana damu inaweza kuwa imeganda kwenye mapafu. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu, uwe na pumu au huna.

Turudi kwa mama mkwe na steroidi yake, maana neno lenyewe linatisha na hofu yake haikuzuka hewani. Watu wameona vijana wa jimu wanaovimba misuli, wameona waliomeza vidonge vya prednisoloni miaka mingi wakanenepa uso. Steroidi za jimu ni dawa nyingine kabisa. Ile ya pampu inapimwa kwa mikrogramu, sehemu ya milioni moja ya gramu, nayo inashuka moja kwa moja kwenye mapafu. Kinachofika kwenye damu ni kidogo sana. Budesonidi ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Uswidi wanatunza kumbukumbu za kila mtoto anayezaliwa, na mwaka 1999 walichapisha hesabu ya watoto 2,014 ambao mama zao waliivuta mwanzoni mwa mimba. Waliozaliwa na kasoro walikuwa asilimia 3.8, wakati kwa watoto wote wa nchi hiyo ilikuwa 3.5. Kitakwimu ni mulemule. Beklometasoni na salbutamoli nazo zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi.

Vidonge vya prednisoloni ni habari ndefu kidogo. Daktari huvitoa kwa siku chache mtu anapobanwa vibaya. Kondo la nyuma linaivunja sehemu kubwa ya dawa hiyo, inayomfikia mtoto ni kama moja ya kumi. Kuna tafiti za zamani zilizoihusisha na mdomo sungura ikitumika miezi mitatu ya kwanza. Za baadaye hazikuona uhusiano huo waziwazi. Madaktari wanaendelea kuitoa kwa sababu upande wa pili wa mizani ni mzito mno. Ila isiwe ya kujinunulia. Kila wiki kuna mtu anakuja dirishani kuomba "vile vidonge vidogo vya kifua" bila cheti, na mjamzito simpi hata akinuna.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Mtoto tumboni hapumui. Oksijeni yake yote inatoka kwenye damu ya mama kupitia kondo. Yako ikishuka kidogo, yake inashuka naye hana akiba. Pumu isiyodhibitiwa inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na presha ya mimba ile inayoweza kuishia kifafa cha mimba. Wanaoidhibiti vizuri, wengi wanajifungua kama wanawake wengine. Na moja ya sababu kubwa za mjamzito kubanwa vibaya ni kuacha ya kahawia mwenyewe, kimyakimya, bila kumwambia mtu wa kliniki.

Lipo na lile la "pampu inazoeleka". Watu wanaiona pampu kama kituo cha mwisho, ukishapanda hushuki. Unayemwona anaitaka kila siku, ugonjwa ndio unaoitaka. Ukidhibitiwa vizuri kwa muda, daktari anaweza kupunguza dozi. Ila wakati wa mimba si wakati wa kujaribu kupunguza kama mambo yanakwenda vizuri. Ngojeni mtoto azaliwe.

Nikamwomba yule dada anionyeshe anavyovuta. Naomba hivyo kila mtu, na naweza kusema wengi wao dawa inaishia kwenye ulimi. Yeye alibonyeza mara mbili mfululizo mdomo ukiwa wazi, wingu jeupe likatoka puani. Inatakiwa utikise kopo, utoe pumzi nje yote, ubane midomo kuzunguka mdomo wa pampu, uanze kuvuta taratibu ndipo ubonyeze mara moja, uendelee kuvuta hadi kifua kijae, kisha uzuie pumzi ukihesabu hadi kumi. Subiri nusu dakika, rudia. Ukimaliza ya kahawia sukutua maji uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Kulinganisha kubonyeza na kuvuta kunawashinda wengi, hasa wakiwa wamebanwa. Kuna chemba ya plastiki ya kuunganisha na pampu, ila si kila famasi wanayo. Chupa ya maji ya nusu lita inafanya kazi. Hili si la mtaani: mwaka 1999 madaktari wa Cape Town wakiongozwa na Heather Zar walichapisha utafiti kwa watoto waliobanwa na pumu, na chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ikafanya sawa na chemba ya dukani, wakati kikombe cha plastiki kilifanya vibaya. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Toboa kitako chake tundu linalolingana na mdomo wa pampu, ingiza pampu, zungushia selotepu hewa isipite. Weka midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, vuta na kutoa pumzi mara nne hadi sita humohumo. Dada alicheka alipoiona, akasema inafanana na kitu cha shule ya msingi. Akaivuta, na safari hii puani hakikutoka kitu.

Na wale wanaoelekeza kopo kwenye bakuli la maji kuona kama linaelea, nao waache. Haliambii ukweli. Andika tarehe uliyofungua, hesabu matumizi.

Dar yenyewe ni mtihani kwa kifua. Masika na vuli kuta zinaota ukungu nyuma ya kabati. Kiangazi barabara za mitaani huko Goba au Mbagala zinatimka vumbi. Mende hawana msimu. Vyote hivyo vinachokoza pumu, lakini huwezi kuhama jiji kwa sababu ya mimba. Nikichagua vya kupigana navyo, nachagua moshi wa ndani. Dawa ya mbu ya kuchoma itoke chumbani, chandarua kitoshe. Kliniki mjamzito anapewa. Jiko la mkaa lisiwashwe kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024 ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, lakini miezi tisa haisubiri 2034. Kama mtungi wa gesi umeshindikana, mwingine apike, au jiko liwe uani upande ambao upepo hauingizi moshi ndani. Udi ndio mgumu kuusema. Kwa mwanamke wa Pwani nyumba isiyonukia si nyumba, na kumwambia shangazi asifukize ni kama kumvunjia heshima. Msingizie daktari. Ndiyo kazi yetu.

Kiungulia nacho, kile kinachowachoma wajawazito usiku, kinaweza kuchokoza kikohozi cha pumu. Kula mapema, inua kichwa cha kitanda, omba dawa yake kliniki.

Kliniki sema "nina pumu" hudhurio la kwanza na hakikisha imeandikwa kwenye kadi, kwa sababu siku ya kujifungua huenda usiweze kuongea. Kuna dawa za kawaida za uzazi ambazo kwa mwenye pumu zinataka tahadhari. Presha ikipanda, labetaloli na dawa za ukoo wake zinaweza kubana njia za hewa. Methildopa na nifedipini hazina shida hiyo. Asprini ya dozi ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba inawafaa wengi, lakini wapo wachache wenye pumu ambao asprini, diklofenaki na jamaa zake huwabana, kwa hiyo kama iliwahi kukutokea sema. Damu ikitoka nyingi baada ya kujifungua, oksitosini ni salama, ila egometrini inaweza kuamsha pumu na kaboprosti ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ukihitaji upasuaji, sindano ya mgongo kwa kawaida inapendelewa kuliko kulazwa usingizi. Na aliyekuwa akimeza prednisoloni kila siku kwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kujifungua amwambie mkunga, maana mwili wake unaweza kuhitaji steroidi ya sindano wakati wa uchungu.

Ukibanwa nyumbani, kaa wima, usilale chali. Tumbo kubwa linakandamiza mishipa ya damu na kumnyima mtoto. Vuta bluu mibonyezo minne kwa chupa, mmoja mmoja. Ukiona huwezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au nafuu haidumu muda wa saa nne kabla hujaitaka tena, usisubiri kupambazuke. Njiani rudia mibonyezo minne hadi kumi kila dakika 20. Panda bajaji au gari, si bodaboda, nenda hospitali yenye oksijeni: Mwananyamala, Amana, Temeke, au iliyo karibu nawe. Kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikinyamaza huku mtu bado anahema kwa shida, hiyo si nafuu. Hewa haipiti tena.

Hospitali watataka oksijeni ya damu ibaki asilimia 94 au zaidi, watakuvutisha dawa kwa mashine ya mvuke na kukupa steroidi, kama wanavyompa asiye na mimba. Wanaokwepa kumtibu mjamzito kwa nguvu zilezile wanakosea. Kuna mtego mmoja ambao hata wauguzi wazoefu wanaweza kuupita: mjamzito anapumua zaidi, kwa hiyo kabonidioksaidi kwenye damu yake kwa kawaida ni kama milimita 30 za zebaki. Kipimo kikisoma 40 kwa mtu mwingine ni sawa. Kwake aliyebanwa ina maana anachoka na anakaribia kushindwa kupumua. Ukishatulia, hesabu mtoto anavyocheza. Akipunguza kucheza, rudi siku hiyohiyo.

Siku ya uchungu beba pampu zote mbili kwenye mkoba pamoja na khanga na pamba, endelea na dozi zako kama kawaida. Kama ulivuta salbutamoli nyingi ndani ya saa 48 kabla ya kujifungua, waambie, mtoto apimwe sukari siku ya kwanza, hasa akiwa njiti.

Kunyonyesha hakuzuiwi na pampu yoyote kati ya hizi, wala na prednisoloni ya siku chache.

Yule dada alijifungua salama, mtoto wa kike. Aliniambia alipokuja kuchukua ya kahawia, wiki ya tatu baada ya kujifungua, kifua kimeanza tena kubana. Nikamuuliza anakandwa wapi. Chumbani, alisema, bibi anamkanda kwa maji ya moto, na chini ya kitanda kuna jiko dogo la mkaa la kumpasha joto, mlango umefungwa mtoto asipate baridi, na jioni anafukizwa. Nilimpigia bibi simu palepale dirishani, foleni ikinung'unika. "Shikamoo bibi. Maji ya moto endelea nayo. Mkaa utoe nje leo, huo unaua hata asiye na pumu." Alikaa kimya kidogo. "Na udi, mwanangu?" Nikamwambia ataufukiza kwenye khanga, uani, zikishapungwa upepo ndipo zipelekwe ndani.